Lugha iliyobaki kwenye makaratasi, inaweza kurudi kupitia nyumbani?

Wamyaamia, kabila la wenyeji asilia wa Marekani ambao wengi wanawajua kama Miami, walihamishwa kwa nguvu na serikali ya Marekani kutoka Indiana mwaka 1846, wakapelekwa Kansas na baadaye Oklahoma, na kufikia miaka ya 1960 lugha yao ikawa haina tena wa kuiongea, imebaki kwenye kamusi za mapadri Wajesuiti na karatasi za watafiti. Miaka ya 1990 Mmyaamia mmoja, Daryl Baldwin, na mkewe Karen wakaanza kulea watoto wao wanne kwa lugha hiyo hiyo huku wenyewe bado wanajifunza. Aisee, huo ni moyo!

Mwanaisimu Joshua Fishman alishasema tangu 1991 kwamba lugha isipopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, mengine yote ni kuisogeza siku tu, na mimi naona yuko sahihi kwa sehemu kubwa, maana mtoto anaweza kufaulu mtihani wa lugha ya kabila lake shuleni, ila akigombana na mdogo wake nani kamaliza maziwa, wanagombana kwa Kiingereza.

Lakini tusiwatwishe wazazi kila kitu. Mama katoka shifti ya usiku, mtoto analia hataki kuvaa viatu, na kitenzi cha Kimyaamia kinabadilika kutegemea kitu kinahesabiwa kina uhai au hakina (sisi wa ngeli tunaelewa hapo), sasa afungue kamusi saa hiyo? Atarudi kwenye Kiingereza tu, na huwezi kumlaumu. Wamaori wa Nyuzilandi waliliona hilo, ndo maana 1982 wakaanzisha kohanga reo, yaani vituo vya kulelea watoto kwa Kimaori, bibi na babu wakakaa na watoto wadogo kwa Kimaori kwa sababu wazazi wengi walikuwa wamekua bila hiyo lugha. Ila jioni mtoto anarudi kwenye nyumba ya Kiingereza, tatizo liko palepale.

Na familia moja peke yake, mtoto ataongea na nani akitoka nje? Hata kina Baldwin hawakubaki wenyewe, mwaka 2001 kabila na Chuo Kikuu cha Miami kule Ohio walianzisha mradi wa kuchambua yale makaratasi, ikaja kamusi ya kwenye intaneti, zikaja na kambi za watoto za kiangazi. Kwangu mimi mgawanyo uwe hivyo: kabila na chuo wahangaike na kamusi na sarufi, mzazi abaki na kuongea tu, na pesa ikiwa kidogo ianze kwa wenye watoto wachanga, hata kumlipa mtu anayeijua lugha awe anashinda nao pale nyumbani.