Baraza la asasi za kiraia la Umoja wa Afrika na mshauri wa kutafuta fedha

Chombo kilichoundwa na serikali ili kuzipa asasi za kiraia sauti huzaliwa na mgongano ndani yake, kwa sababu wanaokilipia ndio wanaopaswa kusikia ukosoaji wake. Mgongano huo hujitokeza waziwazi pale chombo kama hicho kinapotafuta mshauri elekezi wa utafutaji rasilimali na ubia, yaani mtu wa mkataba wa miezi kadhaa atakayeandaa mkakati wa kuchangisha fedha, kuandika maandiko ya miradi, kuwatambua wafadhili na kuanzisha mazungumzo ambayo sekretarieti haijaweza kuyaanzisha. Nitalipima suala hili kwa kutumia Baraza la Uchumi, Jamii na Utamaduni la Umoja wa Afrika, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake cha ECOSOCC, kwa kuwa ndilo lililo karibu nasi, na kwa kuwa hati yake yenyewe ina kipengele ambacho wanaojadili ajira ya namna hii hukipita bila kukitazama.

Baraza hili limetajwa katika Sheria ya Uanzishaji wa Umoja wa Afrika iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, ambayo ibara yake ya 22 inalifanya chombo cha ushauri kinachoundwa na makundi mbalimbali ya kijamii na kitaaluma ya nchi wanachama. Hati yake ilipitishwa Addis Ababa Julai 2004 na kuweka viti 150: asasi mbili kutoka kila nchi mwanachama, ambazo wakati huo zilikuwa nchi 53, kumi za kikanda, nane za bara zima, ishirini za Waafrika wanaoishi nje ya bara, na sita zinazoteuliwa na Kamisheni, yaani sekretarieti kuu ya Umoja. Mwaka 2005 Wangari Maathai aliongoza Baraza la mpito, na Septemba 2008 Baraza la kudumu lilizinduliwa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi shughuli zake za kila siku zilifanywa na kurugenzi moja ya Kamisheni iliyokuwa na majukumu mengine mengi, hadi lilipopata sekretarieti yake Lusaka, Zambia.

Sasa nije kwenye kile kipengele. Ibara ya 6 ya hati hiyo inaitaka asasi inayoomba uanachama ithibitishe kwamba angalau asilimia 50 ya rasilimali zake za msingi zinatokana na michango ya wanachama wake wenyewe, na kwamba mchango wowote wa hiari kutoka nje umetajwa wazi pamoja na jina la aliyeutoa, sawa na msaada wowote kutoka serikalini. Waandishi wa hati walikuwa na hofu ya msingi: hawakutaka asasi ambazo kwa jina ni za Kiafrika lakini ajenda yake imeandikwa mahali pengine. Kipengele hicho kimelalamikiwa tangu mwanzo, na malalamiko hayo yana haki, kwa sababu asasi nyingi imara zaidi za haki za binadamu, za wanawake na za afya barani huishi kwa ruzuku kutoka nje, na mizani ya asilimia 50 huziacha mlangoni huku vyama vilivyo karibu na serikali vikipita. Hata hivyo kipengele kipo. Chombo kinachowadai wanachama wake kigezo hicho hakiwezi kuajiri mtu wa kutafuta fedha za wafadhili bila kuulizwa kama chenyewe kingekitimiza.

Hoja ya wanaounga mkono ajira hiyo ni nzito, na haifai kupuuzwa kwa kusema tu kwamba ni utegemezi. Bajeti ya Baraza ni sehemu ya bajeti ya kawaida ya Umoja, na hati inaliruhusu kutafuta rasilimali nje ya bajeti hiyo mradi lifuate kanuni za fedha za Umoja. Bajeti ya Umoja yenyewe imekuwa na matatizo ya muda mrefu. Mwaka 2015, Johannesburg, wakuu wa nchi walikubaliana kwamba nchi wanachama zigharimie asilimia 100 ya uendeshaji, asilimia 75 ya programu na asilimia 25 ya shughuli za amani. Mwaka 2016, Kigali, wakaongeza utaratibu wa tozo ya asilimia 0.2 kwenye bidhaa zinazostahiki kutozwa zinazoagizwa kutoka nje ya bara. Miaka kadhaa baadaye, nchi zilizoanza kuutekeleza utaratibu huo zilikuwa bado chini ya nusu ya wanachama, na sehemu kubwa ya fedha za programu iliendelea kutoka kwa washirika wa nje. Chombo cha ushauri, ambacho hakina jeshi wala soko huria la kusimamia, huwa nyuma kabisa kwenye foleni ya mgawanyo. Anayesema Baraza lisubiri hazina ya Umoja anapaswa kusema pia lisubiri hadi lini.

Aidha, kutafuta fedha ni taaluma. Ofisa wa programu aliyebobea katika sera za uhamiaji au uchumi wa wakulima wadogo hajifunzi kwa siku mbili namna ya kusoma mwongozo wa mfadhili, kuandaa bajeti inayotenganisha gharama za moja kwa moja na za uendeshaji, au kujenga mantiki ya mradi ambayo mkaguzi wa hesabu ataikubali miaka mitatu baadaye. Mashirika ya hisani yana lugha yake, mabenki ya maendeleo yana yake, na kampuni za mawasiliano zina yake tofauti kabisa. Mshauri mzuri anazijua lugha hizo zote, anajua ni nani anafunga mwaka wake wa fedha lini, na anaweza kuiambia sekretarieti ukweli mchungu kwamba wazo lake haliuziki kama lilivyoandikwa. Tangu shirika la misaada la Marekani, USAID, lifungwe rasmi tarehe 1 Julai 2025, na Uingereza itangaze kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027, ushindani wa fedha zilizobaki umekuwa mkali kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na kuingia katika ushindani huo bila mtu anayeijua kazi ni kujichosha bure.

Upande wa pili unaanzia kwenye muda. Mazungumzo ya kwanza na mfadhili mkubwa hadi fedha kuingia benki mara nyingi huchukua mwaka au zaidi, ilhali mikataba ya washauri hupimwa kwa miezi. Matokeo yake ni kwamba mshauri huondoka akiwa ameacha mkakati uliofungwa vizuri, orodha ya wafadhili, na maandiko mawili matatu ambayo hakuna aliyebaki wa kuyafuatilia. Nimeliona hili kwa macho yangu katika asasi niliyowahi kuitumikia: mshauri alifanya kazi yake kwa bidii, akalipwa stahiki zake, na mwezi uliofuata mfadhili alipopiga simu kuuliza ufafanuzi wa bajeti, hakuna aliyejua takwimu zilitoka wapi, kwa sababu mawasiliano yote yalikuwa kwenye anwani binafsi ya mshauri. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni aliondoka na dawa yake.

Kuna pia suala la ajenda, ambalo ni zito kuliko la muda. Mshauri anayepimwa kwa kiasi cha fedha atakachopata atakwenda zilipo fedha. Iwapo mwaka huu wafadhili wanapenda uhamiaji, maandiko yatahusu uhamiaji. Mwaka ujao wakipenda akili mnemba, yatahusu akili mnemba. Kamati kumi za kisekta za Baraza, ambazo zinapaswa kuchukua hoja kutoka kwa asasi za nchi na kuzipeleka kwenye vikao vya Umoja, zitajikuta zinatekeleza kalenda ya mtu mwingine. Ushauri ambao Umoja uliuhitaji kutoka kwa wananchi wake utakuwa umeandikwa kwanza na yule aliyelipia warsha.

Hata hivyo, wale wanaoishia hapo na kuhitimisha kwamba fedha za nje ni hatari hawajaitazama hatari iliyo upande wa pili. Fedha za bajeti ya kawaida ni fedha za serikali, na serikali zenyewe ndizo zinazopitisha bajeti ya mwaka unaofuata katika kikao cha mawaziri cha katikati ya mwaka. Asasi kutoka nchi ambako mikutano ya hadhara imezuiwa, ikisimama Addis Ababa kulisema hilo, inazungumza ndani ya chombo kinacholishwa na mkono uleule. Hapa ndipo fedha za nje, zikiwa na vyanzo vingi na masharti yaliyo wazi, zinaweza kulipatia Baraza nafasi ya kupumua ambayo hazina ya Umoja haiwezi kuitoa. Jumuiya ya Madola ina chombo chake cha kuzihudumia asasi za kiraia, Commonwealth Foundation, kilichoanzishwa na serikali katikati ya miaka ya 1960 na kuendeshwa hasa kwa michango ya nchi wanachama. Chombo cha namna hiyo, nchi kubwa moja au mbili zikipunguza michango, hutikisika chote. Kwangu mimi, kinachotia hofu zaidi ni mtoaji kuwa mmoja, awe serikali au mfadhili, kwa maana mtoaji mmoja hahitaji hata kutoa amri ili atiiwe.

Kwa hiyo hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ya mshauri na masharti yake, ndizo zinazoamua kama ajira hii itasaidia au itadhuru, na la kwanza ndani yake ni namna ya malipo. Kumlipa mshauri asilimia ya fedha atakazopata huonekana kuwa haki, hasa kwa sekretarieti isiyo na kitu mkononi, lakini ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuipoteza ajenda. Chama cha wataalamu wa uchangishaji, AFP, chenye makao yake Marekani, kinawakataza wanachama wake kupokea malipo ya namna hiyo, na sababu inaeleweka: mchango unakuwa mali ya aliyeuleta. Ujira uwe wa kiwango kilichokubaliwa, ulipwe kwa hatua, na sehemu yake ya mwisho itolewe baada ya watumishi wa sekretarieti kuandika na kuwasilisha andiko angalau moja wao wenyewe.

La pili ni neno ubia, ambalo katika matangazo mengi huwekwa baada ya fedha kana kwamba ni pambo. Kwa Baraza hili ubia ndio wenye thamani kubwa zaidi, na ndipo ningetaka mshauri atumie sehemu kubwa ya siku zake. Viti ishirini vya Waafrika waishio nje vilitengwa tangu 2004, lakini namna ya kuwachagua wa kuvikalia ilisumbua kwa miaka mingi, wakati watu haohao hutuma nyumbani mabilioni ya dola kila mwaka. Vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi, vikoba, jumuiya za dini na vyama vya kitaaluma vina wanachama wanaolipa ada kweli, jambo ambalo asasi za mijini zenye ofisi nzuri mara nyingi hazina. Katika Afrika Mashariki, ambako harambee na michango ya harusi na misiba hukusanywa kwa simu ndani ya saa chache, ni vigumu kuamini kwamba wananchi hawawezi kuchangia chombo kinachowawakilisha. Lililo gumu ni kuwapa sababu ya kuchangia. Wengi wao hawajapata kulisikia Baraza likitajwa, na hata wakilitafuta hukuta nyaraka za Kiingereza na Kifaransa, ingawa Kiswahili kilikubaliwa mwaka 2022 kuwa lugha rasmi ya kazi ya Umoja. Fedha hizo hazitakuwa nyingi, na sitegemei zilipe mishahara ya Lusaka. Zitalipatia Baraza jibu la kumpa mfadhili anayeuliza linamwakilisha nani, na pia jibu la kujipa lenyewe kuhusu ibara ya 6.

Mimi ningemwajiri mshauri huyo. Ningemwajiri kwa miezi 12 badala ya minne au sita, nikimwekea sharti kwamba kamati za kisekta zitamkabidhi vipaumbele kabla hajazungumza na mfadhili yeyote, kwamba mawasiliano yote yafanyike kwenye anwani ya sekretarieti, na kwamba kila mchango utangazwe pamoja na jina la mtoaji na masharti yake, kama wanachama wanavyotakiwa kutangaza yao. Pia ningetaka nafasi ya kudumu ya ofisa wa rasilimali iombwe katika bajeti itakayopelekwa kwa mawaziri mwaka huohuo, ili ofisa huyo aanze kazi mshauri akiwa bado yupo ofisini, wakutane na wafadhili pamoja na kukabidhiana majalada mkononi. Iwapo ombi la nafasi hiyo halijaandikwa siku tangazo linapotoka, tangazo lisubiri.