Sindano za Kichina: kwa mgongo naelewa, kwa ganzi ya miguu tusubiri kwanza

Huku Mbeya ukisema tu una mgongo usiopona au miguu inakufa ganzi, hukosi mtu wa kukwambia nenda kachomwe sindano za Kichina, ile akupancha ya visindano vyembamba visivyo na dawa ndani, na hukosi mwingine wa kukwambia achana nao hao ni matapeli. Mi naona wote wana ukweli wao, shida ni kwamba mmoja anaongelea mgongo mwingine anaongelea mishipa ya fahamu, na mabango yanaweka vyote kapu moja, mgongo, kiuno, ganzi, kiharusi, kila kitu.

Tuanze na mgongo maana ndo kilio kikubwa. Makuli wa lumbesa za viazi pale Uyole, wachuma chai wa Rungwe wanaoshinda wima na mzigo mgongoni, madereva wa malori ya Tunduma wanaokaa kwenye usukani mpaka Dar. Na dawa yao ni nini? Diklofenaki ya duka la dawa, asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, hakuna daktari aliyeandika, alafu baadae vinakuja vidonda vya tumbo, presha inapanda, figo zinachoka. Kwa hiyo mtu akiniambia akupancha haina maana namuuliza anailinganisha na nini, kwa sababu sindano safi ya mtu aliyesomea madhara yake ni madogo sana ukiweka pembeni ya hizo dawa zinazomezwa kienyeji.

Na ushahidi upo jamani. Mwaka 2018 watafiti walikusanya takwimu za wagonjwa karibu 21,000 kutoka tafiti 39, wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, goti na kichwa, wakakuta waliochomwa walipata nafuu kuliko wasiochomwa, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka. Medicare, bima ya wazee ya Marekani, toka 2020 inalipia vikao 12 ndani ya siku 90 kwa maumivu sugu ya kiuno. WHO nao Desemba 2023 wakaiingiza kwenye mwongozo wao wa kiuno, kama nyongeza pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa, siyo kama tiba ya kusimama peke yake.

Ila sasa kuna utafiti mmoja wa Ujerumani wa 2007 ambao mimi umenifanya nifikirie sana. Walichukua watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno wakawagawa makundi matatu, kundi la kwanza wakachomwa kwenye pointi za Kichina zenyewe, yaani zile sehemu za mwili ambazo tiba ya Kichina inasema ndo pa kuchoma, la pili wakachomwa juu juu sehemu ambazo siyo pointi kabisa, la tatu wakapewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi 6 kundi la kwanza waliopata nafuu ni asilimia 47.6, la pili asilimia 44.2, la tatu asilimia 27.4. Yaani sindano za kweli na za uongo zimekaribiana kabisa, na zote zimeziacha mbali dawa na mazoezi. Anayepinga anasema umeona, ni imani tu. Anayetetea anasema umeona, inafanya kazi. Kwa mtazamo wangu kinachoyumba hapo ni ile imani ya Kichina kwamba mwilini kuna njia za nguvu na kwamba lazima sindano iingie pale pale, lakini nafuu ya mgonjwa ni nafuu, kalala usiku, kainuka kaenda shambani, hiyo siwezi kuidharau. Hata NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, waliitoa kwenye mwongozo wa kiuno 2016 alafu 2021 wakaikubali kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine kinachoeleweka. Na tusisahau, pale mgonjwa analala nusu saa nzima mtu anamsikiliza na kumgusa panapouma, kitu ambacho kwenye foleni ya OPD, wagonjwa wa nje pale hospitali, hakipo.

Ganzi sasa. Hapa ndo nakaza. Kwa miguu inayowaka moto, inayochomachoma, tafiti ni chache na ndogo, na waliozipitia walisema hazitoshi kuonyesha kama inasaidia au haisaidii. Na ganzi huwa ina chanzo. Inaweza kuwa sukari ambayo mtu hajui anayo, pombe ya miaka mingi, metformin, dawa ya kisukari, iliyomezwa muda mrefu ikashusha vitamini B12, au isoniazidi ya kukinga TB bila ile vitamini B6 inayotakiwa kuambatana nayo. Na Nyanda za Juu Kusini tunajuana, kwenye utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 Njombe ilikuwa na maambukizi ya VVU asilimia 11.4 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote, Iringa ikafuata, na VVU wenyewe unaharibu mishipa ya fahamu, na dawa ya zamani ya VVU iitwayo d4T iliwaachia wengi ganzi mpaka leo. Hakuna sindano ya Kichina inayoshusha sukari hiyo au kurudisha B12. Tena mguu wa mwenye kisukari usiosikia maumivu ukitobolewa au ukichomwa na ule moto wa mitishamba wanaoweka juu ya ngozi, kidonda kinaanza yeye hajui.

Kuna na wale wa uso kupinda upande mmoja ghafla, wanaambiwa upepo mbaya wanapelekwa kwenye sindano, wakati kama siyo kiharusi basi dawa ya prednisoloni inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72. Wiki mbili za vikao hapo ni hasara isiyorudi. Na mgongo unaoambatana na homa za usiku na kukonda unaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, huo ni wa eksirei siyo wa kuchoma.

Kwa hiyo wa lumbesa aliyepimwa akaonekana hana ugonjwa mwingine, akitaka kujaribu ajaribu, sindano zifunguliwe mbele yake, mtoa huduma awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na asipoona mabadiliko aache, hata Medicare wanaacha kulipia mgonjwa asipopata nafuu. Ila mwenye kliniki anayempokea mtu wa ganzi bila kumuuliza sukari kapima lini, huyo mimi simpelekei mzazi wangu.