Elektivu ya utengamao isiishie chumba cha mazoezi

Kuanzia mwezi wa sita hivi, wanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Marekani huanza kumiminika kwenye hospitali zetu kwa ajili ya elektivu, yaani mafunzo ya vitendo ya muda mfupi ambayo mwanafunzi hujichagulia mahali na idara. Wengi hukaa wiki 4, wengine 6 au 8, halafu Kilimanjaro, Zanzibar, kwao. Waulize wanataka idara gani, majibu ni yale yale: upasuaji, wodi ya wazazi, watoto, dharura. Sisi wa chumba cha mazoezi, yaani wa utengamao, kazi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujifanyia mambo yake, tunachunguliwa tu, tena siku ambayo upasuaji umeahirishwa.

Siwalaumu. Wodi ya wazazi kuna jambo kila saa. Kwetu mwanafunzi anamkuta mzee ameshikilia vyuma viwili anajaribu kuunyanyua mguu, akirudi baada ya nusu saa anamkuta palepale, jasho linamtoka. Hata hivyo naona hakuna idara inayomfaa mwanafunzi wa kupita kama hii. Wiki 4 zikipangwa vizuri zinatosha kumfuata mgonjwa mmoja wa kiharusi kutoka kitanda cha wodini mpaka chumbani kwake. Asipofika huko nyumbani, basi elektivu hiyo ni utalii wa vyuma.

Marekani mambo haya yana sura nyingine. Utengamao kule ni ubingwa wa daktari, na bodi yake ya kitaifa imekuwepo tangu 1947. Majeruhi wa Vita Kuu ya Pili ndio walioupa nguvu: Howard Rusk, aliyekuwa daktari katika jeshi la anga, hakukubali wanajeshi walale tu wakisubiri kupona, na baada ya vita alihamishia kazi hiyo New York kwa raia. Ukishamaliza shule ya udaktari, mafunzo ya ubingwa ni miaka 4. Chicago na Boston zina hospitali nzima za utengamao peke yake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapokwenda kukaa mwezi kwenye hospitali ya chuo kingine, kila mtu anajua ni usaili mrefu: anataka wamwone, wamjue jina, ikifika Septemba maombi ya ubingwa yasiwe karatasi tupu. Mwanafunzi wa kwetu kuifikia nafasi kama hiyo ni shughuli. Kuna ada, kuna bima ya makosa ya kitabibu, kuna viza, na mara nyingi chuo chake kiwe na makubaliano na wenyeji. Kwa hiyo njia hii inapitika zaidi upande mmoja, wao kuja kwetu.

Na wakija wanaikuta kazi isiyo na mabingwa wengi. Makala moja ya kitaalamu ya 2009 ilihesabu madaktari bingwa wa utengamao kusini mwa Sahara ikapata 6 tu, wote Afrika Kusini. Hali imesogea tangu hapo, lakini si kwa mbio. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo utengamao ungewasaidia, na mwaka 2023 nchi wanachama zilipitisha azimio la kuingiza huduma hii kwenye mifumo yao ya afya. Tanzania mzigo umebebwa na wafiziotherapia (wataalamu wa mazoezi ya viungo), wataalamu wa tiba kazi (wanaomfundisha mgonjwa kujihudumia tena) na mafundi wa viungo bandia, ambao chuo chao cha TATCOT pale Moshi kimekuwa kikifundisha tangu 1981.

Nitoe mfano. Tulikuwa na bibi mmoja aliyepooza upande wa kulia. Mwanafunzi mgeni, kijana makini kweli, alimfanyia kazi kwa moyo, na bibi akawa anatembea na fremu kwenye vigae vya hospitali kutoka dirisha hadi dirisha. Kijana akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa yuko tayari kwenda nyumbani. Nikamwambia sawa, twende naye.

Uchochoro wa kuingia kwa bibi ni mchanga mtupu. Miguu ya fremu ikazama hatua ya kwanza tu. Mlangoni kuna kizingiti kinachofika nusu ya muundi. Choo kiko uani, cha kuchuchumaa, na maji ni ya ndoo. Mjukuu alikuwa ameshatuwahi: amechukua kiti cha plastiki, akatoboa tundu kwa kisu cha moto, akakiweka juu ya shimo. Sisi tulikuwa hatujakiwaza. Kijana akatoa futi kamba akaanza kupima milango, na hapo ndipo nilipomwona anajifunza.

Akamuuliza bibi kupitia kwangu anataka nini zaidi. Alitegemea kusikia habari za kutembea. Bibi akasema, "Nataka nijifunge kanga mwenyewe." Kwa mkono mmoja, jaribu uone. Hakuna fomu yetu ya kupima uwezo inayouliza hilo. Mwenzetu wa tiba kazi alikuja na wazo la kushona kanga kiunoni na kutia lastiki, fundi cherehani wa jirani akashona. Bibi akaivaa, akajitazama, akasema hiyo si kanga, ni sketi. Ikabidi turudi kufikiri. Mwishowe alizoea kuegemea ukuta, nyonga ikabana kitambaa huku mkono mzima unapindua pindo.

Ndiyo maana nataka wenyeji tuweke masharti. Mgeni asiye na wiki 4 kamili aende idara nyingine. Asimguse mgonjwa bila msimamizi, kwa sababu watu hudhani mazoezi hayana madhara: ukimvuta mtu wa kiharusi kwa mkono uliopooza bega linateguka, na mtu aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka mwembeni au kwenye bodaboda ukimhamisha ovyo unamwongezea balaa. Aonyeshwe pia yale yasiyopendeza, jinsi ya kutunza mpira wa mkojo na kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, maana hayo ndiyo yanayowaua watu wa uti wa mgongo wakisharudi kijijini.

Sharti kubwa kuliko yote: kila mgeni aambatane na mwanafunzi wa hapa. Siyo kama mkalimani. Vijana wetu husoma udaktari miaka 5, wakaingia mwaka wa intern, na wapo ambao hawajawahi kukanyaga chumba cha mazoezi. Tunawajua kwa karatasi zao za rufaa: jina la mgonjwa, halafu neno moja, "mazoezi". Mazoezi ya nini, ya upande gani, mgonjwa ana presha kiasi gani, kimya.

Pesa isiwe kisingizio. Wageni hulipa ada ya elektivu. Itengwe sehemu ya nauli za kwenda majumbani, ya mgeni na ya mwenzake wa hapa, na ikibaki, inunue futi kamba chache na viti vya plastiki.