Majira ya Rangi: Kosa ni la Jina, si la Kitambaa

Mtu akisema hadharani kwamba yeye ni "Vuli ya kina" au "Kiangazi kilichopoa", hajitendei hisani. Wasikilizaji humtia papo hapo katika kapu moja na wasoma nyota, na hata hesabu inawasaidia, kwa kuwa mfumo huo wa kuchagulia watu rangi za nguo, uitwao uchambuzi wa rangi, ulioanza na majira manne na umekwisha kupanuliwa hadi 12, idadi ileile ya buruji za wanajimu. Dai la mfumo huo si gumu kulieleza: ngozi, macho na nywele za mtu kwa pamoja huamua ni rangi zipi za nguo zinamkubali na zipi zinamfubaza, na rangi hizo zinaweza kugawanywa katika mafungu yanayopewa majina ya majira ya mwaka. Machipuko na Vuli ni mafungu yenye joto, yaani yaliyoelemea umanjano. Kiangazi na Kipupwe ni yenye ubaridi, yaliyoelemea ubuluu. Kwa msemaji wa Kiswahili dhihaka inaanzia hapohapo, maana kiangazi tunachokijua sisi ni jua la utosi, ilhali Kiangazi cha washauri wa rangi ni samawati iliyopauka na waridi lililofifia kana kwamba limepitishwa kwenye majivu.

Majina hayo sitayatetea. Ninachokiona kimeonewa ni kile kinachofanyika kabla jina halijatolewa: kitambaa huwekwa chini ya kidevu, na macho yakatazama uso. Jambo hilo ni kongwe kuliko majira yote ya rangi, na aliyelitolea maelezo hakuwa mtu wa mitindo bali mkemia.

Mwaka 1824 Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi nyuzi katika karakana ya Gobelins, Paris, iliyokuwa ikifuma mazulia ya kutundika ukutani. Miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilizotumiwa kwenye vivuli vya mavazi ya buluu na urujuani zilionekana dhaifu, hazikolei. Chevreul akazilinganisha na nyuzi nyeusi za karakana nyingine, akaona hazina ila. Kasoro haikuwa ndani ya pipa la rangi, ilikuwa katika ujirani. Weusi ukilazwa kando ya buluu, jicho huusukuma kuelekea kinyume cha buluu, yaani uchungwa, na weusi ulioingiwa na uchungwa hata kidogo huonekana umechujuka. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kinene juu ya kanuni hiyo, na ndani yake, pamoja na habari za mazulia na bustani, aliingiza maelezo kuhusu nguo na rangi ya uso: kwamba kitambaa cha kijani laini, kwa mfano, huupa uso mweupe uliopauka dalili ya uwaridi, kwa sababu wekundu ndio kinyume cha kijani. Anayesema kwamba uchambuzi wa rangi hauna msingi wowote inambidi kwanza amshinde mzee huyu, aliyeishi miaka 102 na kwa hiyo aliwapa wapinzani wake muda wa kutosha.

Majira yaliingia baadaye sana. Mswisi Johannes Itten, aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, kati ya mwaka 1919 na 1923, alifunza rangi kwa kuzihusisha na majira ya mwaka, na aliamini pia kwamba mwanafunzi akiachiwa achague rangi anazoziona zinapatana, hurudia zile zinazofanana na sura yake mwenyewe. Huo ulikuwa uchunguzi wa mwalimu darasani, na wengi waliomfuata waliuchukua kana kwamba ni sheria.

Mshauri anayeijua kazi yake hata leo hamwachi Chevreul mbali. Anayepimwa huketi akikabili dirisha, uso umeoshwa hauna hata poda, nywele zimefunikwa kwa kitambaa cheupe ikiwa zimetiwa rangi, na nguo alizokuja nazo zimefichwa kwa shuka ya kijivu. Vitambaa viwili hupokezana chini ya kidevu kwa haraka: nyekundu ya nyanya iliyoiva, halafu nyekundu iliyotiwa tone la buluu, kisha ile ya kwanza tena. Asiyezoea hutazama kitambaa. Aliyezoea hutazama kivuli kilicho chini ya jicho, mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo, na ukingo wa taya. Kwa kitambaa kimoja kivuli hutanda, mkunjo hujichora na taya hupotelea shingoni. Kwa kingine hayo yote hutulia, na unajikuta unamtazama mtu machoni. Sehemu ya mabadiliko hayo hufanywa na jicho, kama Chevreul alivyoeleza, na sehemu nyingine ni mwanga halisi, kwa kuwa kitambaa kilichopigwa na mwanga wa dirisha huurusha chini ya kidevu kikiwa kimekwisha kuupaka rangi yake. Wachoraji wa picha za watu wamelijua hilo siku nyingi.

Wala si jicho la mshauri peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, waliwaonyesha watu picha za wanawake, wengine wakiwa na ngozi nyeupe sana na wengine ngozi iliyoiva kama ya mtu aliyekaa juani, wakawaachia wachague rangi ya nguo iliyowafaa. Wachaguzi walielekea upande mmoja: buluu kwa wale weupe sana, nyekundu na uchungwa kwa wale walioiva. Nyuso hizo zilikuwa za Wazungu watupu, kwa hiyo haziwasemei wengi wa wanadamu, na hakuna aliyepima majira manne wala 12. Hata hivyo, wanaodai kwamba kila mtazamaji huona lake wamepunguziwa nguvu.

Sasa nije kwenye shtaka lililo zito kuliko yote, ambalo wapinzani wana haki nalo kabisa. Mfumo huu ulienea kupitia kitabu cha Mmarekani Carole Jackson cha mwaka 1980, kilichouzwa mamilioni ya nakala, na humo watu weusi na watu wa Asia waliwekwa, wengi wao, katika Kipupwe. Hebu tulitafakari hilo. Mfumo unaojinadi kwamba unamtazama mtu mmoja mmoja uliwagawa Wazungu kwa uangalifu wa sonara, huyu nywele zake zina rangi ya asali, yule ana vidoadoa puani, kisha ukawazoa wengi wa watu wa dunia na kuwafungia katika droo moja. Mtu mweusi aliyenunua kitabu hicho alilipia jibu ambalo lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla hajaketi dirishani.

Kosa hilo lina mahali lilipoingilia, na mahali penyewe panaonekana. Mmarekani Albert Munsell, katika kazi yake ya mwaka 1905, alitenganisha sifa tatu za rangi: aina yake, kama ni nyekundu au kijani, kina chake, kama iko karibu na nuru au na giza, na ukali wake, kama imekoza au imefifia. Ngozi nyeusi tii ni habari ya sifa ya pili. Haijasema lolote kuhusu kama imeelemea umanjano, wekundu au ubuluu. Waliopanga droo waliona nywele nyeusi, macho meusi na ngozi nyeusi, wakadhani wameona ubaridi, kumbe walichokuwa wamekiona ni kina tu. Hata lugha yetu ya kila siku, isiyo na madai yoyote ya kitaalamu, haikuridhika na neno moja: ina mweusi tii, ina maji ya kunde, na ina "mweupe" ambaye si Mzungu hata kidogo.

Wachukulie wanawake wawili ambao ngozi zao, kwa kina, hazipitani. Wa kwanza akiwekewa kitambaa cha haradali, paji la uso na mashavu huwaka kama shaba iliyosuguliwa. Wa pili, kwa kitambaa hichohicho, huzungukwa na ukijivu mdomoni kama mtu aliyeamka na homa. Mpe wa pili pinki kali, ukijivu unaondoka. Mpe wa kwanza pinki hiyohiyo, na pinki inaingia chumbani kabla yake. Jina la majira liliwaita wote wawili Kipupwe, na tofauti yao ikagunduliwa na vipande viwili vya nguo.

Ndiyo maana naona kwamba wapinzani wameishika hoja sahihi wakaipeleka kusiko. Wanazungumza kana kwamba kabla ya washauri wa rangi mwenye ngozi nyeusi alikuwa akichagua nguo kwa uhuru. Hakuwa. Alikuwa na hukumu nyingine, kongwe zaidi na isiyo na hata dirisha: kwamba rangi kali si zake, kwamba manjano yatamfanya aonekane mweusi zaidi (kana kwamba hilo ni ajali), kwamba ajisitiri ndani ya kahawia na buluu ya giza. Hukumu hiyo hutolewa na shangazi, na muuzaji, na rafiki mwenye nia njema, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipima. Ikipimwa, mara nyingi haisimami. Ngozi yenye kina ikikutana na rangi iliyokoza na angavu, tofauti ya nuru kati ya uso na kitambaa huwa kubwa, na tofauti hiyo ndiyo inayouchora uso ukaonekana. Manjano yanayoweza kumfanya mtu mweupe aonekane ana homa ya manjano hutua kwa starehe juu ya ngozi nyeusi yenye umanjano wa ndani. Dakika 10 za vitambaa zinaweza kuyavunja masharti ya mavazi yaliyomlemea mtu miaka 30. Kejeli haijawahi kufanya kazi hiyo.

Washauri wa baadaye walijaribu kurekebisha mambo kwa kuongeza droo, kwanza 12, kisha wengine 16, na leo mshauri makini atamtafutia mtu mweusi tii nafasi katika Vuli ya kina au Machipuko angavu bila kusita. Ni maendeleo, ila droo zikiongezeka mipaka nayo huongezeka, na aliye mpakani hupewa jina moja na mshauri huyu na jina jingine na yule. Hapo dhihaka ina chakula cha kutosha. Inacho pia katika vipimo vya mkato, hasa kile cha kutazama mishipa ya damu kwenye kifundo cha mkono, ikiwa ya buluu uitwe baridi, ikiwa ya kijani uitwe joto. Ubuluu wa mishipa hautokani na damu kuwa ya buluu. Hutokana na jinsi mwanga unavyopenya ngozini na kurudi. Kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi mishipa yenyewe haionekani.

Hoja ya mwanga nayo ni ya kweli na haina jibu refu. Balbu ya manjano ya sebuleni hutoa mwanga wa kelvini 2,700 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, na namba ikipanda mwanga huelemea ubuluu), ilhali mwanga wa mchana huwa karibu na 5,500 hadi 6,500, na vitambaa viwili vilivyofanana dirishani vinaweza kuachana kabisa chini ya balbu. Kamera ya simu huvuruga zaidi, kwa sababu husawazisha rangi yenyewe bila kuombwa: ukiijaza kitambaa cha chungwa, inaweza kujaribu kuufuta uchungwa kwa kuongeza ubuluu katika picha nzima, uso ukiwamo, kisha mtu akasema chungwa limempausha. Waliogombana mwaka 2015 juu ya picha ya gauni moja, wengine wakiliona la buluu na nyeusi na wengine jeupe na dhahabu, walikwisha kuonyeshwa jinsi picha isivyo shahidi wa kutegemewa. (Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi.) Filta za simu zinazozungushia uso duara la rangi na kutoa hukumu kwa sekunde chache zinastahili kila neno baya lililosemwa juu yake. Vilevile dai kwamba majira ya mtu hayabadiliki hadi kufa ni la kutiliwa shaka, kwa sababu mvi huja, jua huivisha ngozi, na hivyo ni katika vitu vilevile ambavyo mfumo wenyewe unasema huamua.

Kuna na suala la pesa. Mshauri anayeuza pia skafu na vipodozi ana sababu ya kumwambia mteja kwamba kabati lake lote limekosea, lakini kanuni aliyoirithi haimpi haki hiyo. Kinachotendeka hutendeka karibu na uso, pale mwanga wa kitambaa unapoweza kufika kidevuni na jicho linapoviona vyote viwili kwa mtazamo mmoja. Sketi, suruali na viatu havimo. Aliyeambiwa kwamba nyeusi inamzeesha, naye anaipenda nyeusi, hana haja ya kuigawa nguo hata moja. Aufungue ukosi upana wa vidole vinne, au aweke kitambaa cha rangi inayomkubali kati ya koti na kidevu, halafu arudi dirishani autazame ukingo wa taya.