Upande wa Kivuli Upewe Masale

Nyumba nyingi zina upande ambao jua halifiki: nyuma ya jiko, kando ya ukuta mrefu, chini ya mwembe. Kila masika watu hupanda ukoka hapo, nao hufifia na kufa. Mwishowe anaitwa fundi amwage zege au, vibaya zaidi, mwembe unakatwa. Mimi nasema mti uachwe, chini yake pandeni masale, mimea ya majani marefu inayostahimili kivuli.

Kilimanjaro sale halihitaji kutambulishwa. Linasimama kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, na aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba radhi. Kulikataa ni jambo zito. Lakini litazame pia kwa jicho la mtunza bustani. Kihamba ni kivuli juu ya kivuli: miti ya mringaringa na mruka juu, migomba katikati, mibuni chini yake. Na humo humo masale yanabaki mabichi kiangazi na masika, hayapukutiki.

Ni mmea wa misitu yetu. Wataalamu wanauita Dracaena fragrans, na aina yake moja iliitwa deremensis kwa sababu ya Derema, kule Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Ulaya na Marekani hupambia ofisi zenye mwanga hafifu. Ndiyo maana inaniuma kuona kwenye vitalu vya barabarani sale lenye mistari ya njano likinadiwa kama ua la kutoka ng'ambo, tena kwa mkazi wa Tanga.

Kulipanda ni rahisi. Kata kipande cha shina cha futi moja hivi, kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha kichomeke ardhini mvua zinapoanza, upande uliokuwa chini ubaki chini. Ukitaka uzio, acha kama nusu mita kati ya mche na mche. Likirefuka sana, kata kichwa: machipukizi yatatoka chini ya mkato, nalo litajaa vizuri zaidi. Kichwa ulichokata nacho ni mche.

Adui wake mkubwa ni maji yanayotuama, kwa sababu mizizi huoza. Jua kali la mchana nalo huunguza majani. Wakazi wa Arusha na maeneo ya Meru wana jambo la ziada: maji ya huko mengi yana floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na sale haliipendi. Ncha za majani zikikauka wakati udongo una unyevu, usiongeze maji. Kinga maji ya mvua na umwagilie hayo.

Maua yake meupe hunukia sana usiku. Mimi naipenda harufu hiyo, lakini kama nyumbani kuna mtu anayesumbuliwa na harufu kali, usipande chini ya dirisha la chumba cha kulala. Mbwa au paka akitafuna majani atatapika, kwa hiyo mwenye mtoto wa mbwa aweke kizuizi kwanza.

Na kabla ya kwenda kitaluni na pesa, muulize jirani mwenye masale marefu. Siku atakayoyapunguza, vipande vitakavyobaki vinatosha kuujaza upande wako wote wa kivuli.