Kabla ya Kulimodifai, Lirudishe Lilivyokuwa

Kila anayepata Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, lile gari dogo la michezo la viti viwili lenye paa la kukunja, huwa na orodha kichwani kabla hajazoea hata kufungua paa lake: springi fupi, ekzosi yenye mlio, kichujio cha hewa cha koni, rimu kubwa. Naielewa hamu hiyo, maana gari lenyewe linachokoza. Lakini kila ninavyozidi kushika spana ndivyo ninavyozidi kusimama palepale: orodha hiyo ikunjwe, iwekwe kando, mpaka gari lirudi katika hali liliyotoka nayo kiwandani. Gari la miaka thelathini lililochoka chini halimodifaiki. Ukilifungia vitu vipya juu ya vilivyochakaa, umeficha maradhi tu, tena kwa gharama kubwa.

Tukumbuke gari hili ni kitu gani. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na kizazi hicho kikaendelea kuundwa hadi 1997. Injini yake ya mwanzo ni ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi kama 115 hadi 120 kutegemea lilikouzwa, na hata enzi hizo nguvu hizo hazikumtisha mtu. Utamu wake uko kwingine. Ni jepesi, chini ya tani moja. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kila gurudumu, mbele na nyuma, limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na kuna fremu ndefu ya alumini inayounganisha gia boksi na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ili ukikanyaga mafuta gari liitike papo hapo. Usione vyaelea, vimeundwa. Wahandisi wa Hiroshima walipanga uwiano huo wakihesabia raba mpya, shokapu nzima na magurudumu yaliyonyooka. Anayeliendesha leo likiwa na vitu vya umri wake halisi, kisha akasema gari hili linahitaji kuboreshwa, bado hajaliendesha gari lenyewe.

Nianze na bushi, kwa sababu ndizo zinazopuuzwa kuliko kitu chochote. Kila ungio la mikono hiyo lina bushi, yaani kikombe cha raba kinachouacha mkono ucheze bila chuma kugusa chuma. Raba haifi ghafla. Hukauka, hupata nyufa, hulegea polepole, na dereva naye huzoea polepole vilevile, hadi anaamini gari ndivyo lilivyo: linayumba kwenye kona yenye mawimbi, usukani unataka kusahihishwa kila mara, nyuma inajitupa anapoachia mafuta. Hapo ndipo wengi hununua springi ngumu. Ni kweli bodi itapunguza kulala kwenye kona, na kwa majuma machache mtu atajiona amepata tiba. Huku chini mikono ileile inacheza ndani ya raba zilezile, safari hii ikibeba mishtuko mikubwa zaidi.

Kubadilisha bushi ni kazi chafu na ndefu, nami ndiyo niipendayo kuliko zote katika gari hili. Mkono unatolewa, bushi ya zamani inasukumwa nje kwa presi, tundu linasafishwa kutu hadi chuma kionekane, mpya inaingia ikiwa imenyooka bila kuegemea upande. Kuna wanaoweka za poliyurethani, ambazo ni ngumu na hudumu. Sizipingi kwa gari la mbio za uwanjani, lakini zinataka grisi sahihi na zinapeleka kila kokoto hadi kwenye kiti. Kwa gari la barabarani nachagua raba ya kiwandani bila kusita.

Sasa, lipo jambo moja ambalo likikosewa kazi yote imepotea. Bushi ya raba imegandishwa kwenye bomba dogo la chuma lililo ndani yake. Boliti ikikazwa, bomba hilo linabanwa lisigeuke tena. Tangu hapo, mkono ukipanda au kushuka, raba ndiyo inayojipinda. Ukikaza boliti gari likiwa juu na magurudumu yananing'inia, umeifunga raba katika mkao usio wake. Gari likishushwa chini raba inakaa imepinda usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa, na itachanika mapema. Kwa hiyo boliti zishikishwe kidogo tu, kisha uzito wa gari urudi juu ya magurudumu, au mkono uinuliwe kwa jeki hadi usawa unaokaa gari likiwa chini, ndipo zikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ni suala la subira tupu. Halihitaji kipaji wala mashine ya ajabu.

Na hapa ndipo ninapoona sababu hasa ya mwenye gari kufanya kazi hii mwenyewe. Fundi mzuri ananizidi ujuzi, na namheshimu. Kitu asicho nacho ni muda. Ana foleni ya magari, na kila moja lina mtu anayepiga simu. Boliti ikigoma, lazima aikate. Mwenye gari anaweza kupulizia mafuta ya kulegeza kutu leo jioni, akarudia kesho, akarudia keshokutwa, boliti ikatoka nzima. Mikono ya chini ya MX-5 ina boliti zenye kamu, yaani kisahani kisicho na kitovu katikati, ambazo kuzizungusha ndiko kunakopanga pembe za magurudumu. Zikishikana na kutu ndani ya bushi hazizunguki, na mwenye mashine ya alaimenti hatakuwa na la kufanya ila kukurudishia gari kama lilivyokuja. Ukizitoa mwenyewe kwa utaratibu, ukazisafisha, ukazipaka grisi ya kuzuia kushikana, utakuwa umelifanyia gari hisani ambayo hakuna anayelipwa kwa saa angeweza kuifanya. Kupima alaimenti yenyewe bado ni kazi ya mwenye mashine, na sioni fahari yoyote kuibahatisha kwa kamba uani.

Breki nazo. Watu hutaka diski kubwa na kalipa za rangi. Gari la uzito huu, kwa barabara ya kawaida, linatosheka na breki zake ikiwa kalipa, vile vishikio vinavyobana padi kwenye diski, zinateleza vizuri kwenye pini zake na mafuta ya breki hayajazeeka. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango cha chini kinachokubaliwa kinashuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pedali itabaki ngumu au itazama hadi sakafuni. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni kazi ya chupa, mpira mwembamba na mtu wa kukukanyagia pedali.

Kalipa za nyuma zina siri yake. Pistoni za mbele unazirudisha kwa kusukuma. Za nyuma zimeunganishwa na hendibreki, na ukizisukuma kwa nguvu utaharibu mtambo wa ndani. Nyuma ya kalipa kuna boliti ya kifuniko. Ukiitoa, ndani utakuta tundu la spana ya pembe sita ya milimita 4, na hilo ndilo linalorudisha pistoni taratibu. Padi mpya zikishaingia, unazungusha hadi zishike diski, kisha unarudisha theluthi moja ya mzunguko. Magari mengi ninayosikia yakilaumiwa kwamba hendibreki yake haishiki hayana ubovu wowote zaidi ya marekebisho haya kutofanywa.

Kwenye injini sitakaa sana, maana ni injini ya chuma kweli na husamehe mengi. Rejeta itazamwe rangi ya tangi lake la juu: plastiki hiyo ni nyeusi ikiwa mpya, na ikigeuka ya kahawia au ya kijani chafu imekaribia kupasuka. Oili inayovuja nyuma ya injini husingiziwa sili kubwa ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, kumbe mara nyingi ni oringi ndogo ya sensa iliyo nyuma ya shafti ya kamu, ile inayofungua vali. Silinda ya chini ya klachi huvuja. Ikianza, ibadilishwe pamoja na silinda ya juu, ile ya kwenye pedali. Anayemiliki gari la miaka ya mwanzo, hasa la kabla ya katikati ya 1991, achungulie pulii ya krenki. Yenye mikato minne usoni ina krenki ya pua fupi, ambayo boliti yake ikikazwa vibaya wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi, ufunguo wake, kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika pulii isizunguke peke yake, hulika, pulii ikaanza kuyumba, na taimingi ikapotea. Krenki za baadaye ziliongezwa urefu wa pua na kupewa boliti kubwa zaidi. Kwa krenki fupi, spana ya torki na kitabu cha matengenezo ni vya lazima.

Kutu ndiyo inayoua magari haya kuliko injini yoyote iliyowahi kufa. Maji ya mvua yanayokusanywa na paa la kitambaa hushuka kwenye mifereji miwili iliyofichwa nyuma ya viti, karibu na mikanda, na kutokea chini. Majani yakiziba mifereji hiyo, maji hutafuta njia nyingine: yanaingia kwenye zulia au yanatuama pembeni chini ya milango, chuma kikaoza kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. Zibua kwa kitu laini kinachopinda, mimina maji kidogo, hakikisha yanatoka chini. Mtu aliyefunga ekzosi ya bei mbaya bila kuzibua mifereji hii ameacha gari lake lioze. Sehemu ikishaoza, kuchomelea ni kazi ya aliyeisomea, kwa kuwa hapo ndipo panapobeba nguvu ya bodi isiyo na paa la chuma.

Baada ya yote hayo, ndiyo, modifai. Mimi naanza na tairi nzuri katika kipimo cha awali cha inchi 14, 185/60, au kinachokaribiana nacho, kwa sababu rimu kubwa na nzito inaharibu wepesi ambao ndio mali ya gari hili. Padi bora kidogo. Shokapu nzuri, na springi zinazolishusha gari kidogo sana, maana nafasi ya gurudumu kupanda ni finyu kiasili. Likishushwa mno linaishia kupumzika juu ya raba za mwisho wa mwendo, na kila bonde linakuwa pigo. Kukata springi kwa msumeno sikubali hata kujadili. Koni ya hewa iliyo wazi ndani ya boneti hunyonya hewa ya moto, nyepesi, yenye oksijeni pungufu. Unapata sauti na kupoteza nguvu kidogo. Turbo ni safari nyingine kabisa, yenye mafuta, joto na kompyuta ya injini inayotaka kupangwa upya na mtu anayejua. Asiianze ambaye rejeta yake bado ni ya kahawia.

Usalama hauna mjadala. Jeki inainua, stendi ndizo zinazoshikilia. Jeki iwekwe kwenye mwamba wa mbele, ule mhimili wa chuma unaopita chini ya injini, au chini ya difu, kamwe isiwekwe kwenye ile fremu ya alumini ya katikati. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe, gari litikiswe kwa mkono kabla mtu hajaingiza kichwa chini. Nati za magurudumu zikazwe kwa torki, Nm 90 hadi 118.

Na chochote kitakachotolewa kisitupwe. Mwaka 2017 Mazda wenyewe walitangaza kule Japani huduma ya kuyakarabati magari ya kizazi hiki, wakarudisha baadhi ya vipuri vilivyokuwa vimeacha kutengenezwa, hata tairi za Bridgestone za kipimo kilekile cha zamani. Kama kiwanda kinahangaika kuunda upya vitu hivyo, basi usukani wa mwanzo, boksi la kichujio na springi ndefu zilizoko mikononi mwako zina thamani kuliko unavyodhani. Vifutwe, vipakwe mafuta, viandikwe vimetoka upande gani. Waya za kiwandani zisikatwe kwa ajili ya redio au taa. Ziko plagi za kuunganishia zinazotoka bila kuacha jeraha, na zikikosekana, afadhali redio isubiri.