Fundi, Hiyo Flashi Umeitoa Wapi?

Hapa Tanga ukipeleka laptopu iliyogoma kuwaka, fundi huwa hana maneno mengi: "Hii tuipige Windows mpya." Anatoa flashi kwenye droo, anachomeka, jioni unalipa na kuondoka. Flashi ilitoka wapi, hakuna anayeuliza. Mimi nauliza, na baadhi ya mafundi wa Ngamiani wameshaniona mkorofi.

Nyingi ya flashi hizo ni za kurithishana. Windows iliyomo imeshachezewa ili isidai leseni, na aliyeichezea hatumjui. Huyo anaweza kuwa amezima kinga ya virusi, au amepachika kitu cha kunasa nywila. Halafu wewe ndiyo hiyohiyo unaingilia benki.

Kutengeneza flashi yako si uganga. Faili la ISO, yaani faili moja lililobeba Windows nzima, linapatikana bure kwa Microsoft wenyewe. Kinachouzwa ni leseni. Bando ndilo litakalokuuma, maana Windows 11 inazidi GB 5. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi, na uhamishe kwanza picha za harusi, kwa sababu kila kilichomo kitafutwa. Zile za GB 64 zinazouzwa bei ya kutupa ziache. Nyingine ujazo wake ni wa kuandikwa tu.

Wengi hukwama hapa: wanakopi ISO kwenye flashi kama wanavyokopi nyimbo za taarabu, kisha wanashangaa mashine haiioni. ISO inatakiwa ifunguliwe na kuandikwa kwa namna ambayo kompyuta itaweza kuanzia humo. Kwa kazi hiyo natumia Rufus, programu ndogo ya bure. Itakuuliza GPT au MBR, namna mbili za kuipanga flashi. Mashine yenye UEFI, mfumo mpya wa kuiamsha kompyuta, yaani nyingi za miaka ya karibuni, ipe GPT. Kongwe yenye BIOS, mfumo wa zamani wa kazi hiyo, ipe MBR. Ukikosea hapo, flashi nzima kabisa itaonekana mbovu. FAT32, mtindo mmoja wa kuhifadhi mafaili kwenye flashi, nao haupokei faili moja linalofika GB 4, na ndani ya Windows za sasa limo linalopita hapo, ndiyo maana Rufus huchagua mtindo mwingine, NTFS. Iache ichague.

Ili mashine ianzie kwenye flashi, mara tu unapoiwasha bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP.

Sasa Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba hazina TPM 2.0, kifaa cha usalama kinachodaiwa na Windows 11. Kwa hizo naweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, bila kinyongo. Flashi yake unaijaribu kwanza, unazunguka humo upendavyo, diski haijaguswa.

Ila flashi itengeneze leo mashine ikiwa nzima. Ikishakufa utaanza kuazima ya jirani. Fundi naye simnyimi riziki. Nampelekea laptopu pamoja na flashi yangu, namlipa kazi yake. Mmoja karibu na Mkwakwani alinicheka, kisha akaniomba nimwachie ile ISO.